Pazia Lililogoma Kufunga

Jana usiku nililala na viatu miguuni kwa uchovu, nikaota onyesho langu limekwisha ila haliishi.

Nieleze kidogo. Mimi ni mtu wa filamu. Nimeongoza sita, zote zina mwisho mzuri, na zote mwisho aliuweka Tumpale, mhariri wangu. Mimi kazi yangu ni kupiga picha hadi betri ife. Mwaka huu nimepewa opereta, ule mchezo wa kuchekesha wa Ulaya ya zamani: wanaongea, wanaimba, baroni anabandika masharubu ya uongo na mke wake mwenyewe hamtambui. Jukwaa sijawahi kuliongoza maishani. Siku ya kwanza ya mazoezi nikamwambia Tumpale mbele ya watu, "Huku hakuna cha kukata, dada. Wewe kapumzike."

Akapumzika kweli. Wiki ya tatu hii hapokei simu zangu. Onyesho ni keshokutwa, na mimi sijui linaishaje.

Basi, ndotoni baroni amemsamehe mkewe, mkewe kamsamehe mtumishi, mtumishi kamsamehe mbwa. Kwaya ya watu thelathini imesimama nyuma yangu. Nasema, "Funga pazia."

Pazia linakohoa vumbi. "Bado," linasema, kwa sauti ya karani aliyebakiza miezi miwili astaafu.

"Bado nini?"

"Mchezo wa namna hii haufungwi mpaka wote wapatane. Ndio utaratibu. Amebaki mmoja."

"Nani?"

"Wewe, ndugu."

"Yeye! Yeye! Kumbe ni yeye!" inaitikia kwaya, kwa sauti nne.

"Jamani, nimechoka."

"Amechoka! Jamani, amechoka!"

Nashuka ngazi za jukwaa nikamtafute Tumpale. Ngazi zinaishia kwenye dirisha la dawa, hospitalini. Kuna foleni, na foleni yenyewe ni kwaya, wote thelathini, wamewahi mbele yangu. Ninapofika dirishani miguu imekufa ganzi. Aliyekaa ndani ni kamera yangu, imevaa koti jeupe.

"Unaumwa nini?"

"Siumwi. Nataka kuomba msamaha."

"Msamaha! Anataka msamaha!" Wagonjwa wote wanageuka kuniangalia.

"Wa kusema au wa kuimba?" inauliza kamera bila kuinua uso.

"Wa kusema."

"Huo umeisha. Wa kuimba upo." Inanisukumia kibahasha. Ndani mna masharubu. "Hayo tunawapa wanaoona aibu. Bandika kabla ya kuingia."

Nabandika. Nikigeuka niko sebuleni kwa Tumpale. Amekaa na kanga yake, anamenya njegere.

"Karibu, baba. Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Nzowa."

"Nzowa hana masharubu. Na afadhali, maana kwa anavyojiona hivi hivi, akiongezewa masharubu tutahama mji."

"Tumpale, ni mimi."

"Ukimwona huyo Nzowa," anasema, anaendelea kumenya, "mwambie miaka sita nimemfichia aibu zake. Nimemtolea maiki zilizoning'inia kwenye picha. Nimemtolea marehemu aliyepiga chafya ndani ya jeneza. Watu wakasema dairekta fundi. Nikanyamaza. Halafu akaniambia nikapumzike."

Kwaya, iliyobanana jikoni kwake, haikuitikia. Ndiyo mara ya kwanza.

Nabandua masharubu. Yanatoka na ngozi.

"Ahaa," anasema Tumpale. "Kumbe."

Basi naimba. Sauti yangu ni ya geti linaloburutwa, lakini naimba. Ubeti wa kwanza unasema nilikosea, nilimwaibisha mtu aliyenisitiri, na kwamba bila yeye sijui kitu chochote kinaishia wapi. Tumpale ameacha njegere. Nyuma yake pazia linaanza kujifunga, polepole, linaguna kwa uzee.

Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini hakuna aliyeniambia imetosha, na mimi mwenyewe mnanijua. Nikaingia ubeti wa pili: kwamba ukumbini kulikuwa na joto, kwamba wafadhili walinibana, kwamba hata yeye anajua kununa, na kwamba simu hupigwa na pande zote mbili.

Pazia likasimama katikati.

Nikaamka. Kumekucha, jua limeshaingia chumbani, koo limenikauka kabisa. Nyumba hii naishi peke yangu, na Tumpale anaishi ng'ambo ya mji. Kwenye simu kuna ujumbe wake, wa kwanza baada ya wiki tatu:

"Ubeti wa pili utoe. Wa kwanza unatosha. Saa nne nitakuwa ukumbini."