Roho Tatu za Donati

Mtu mdogo wa kwenye televisheni aliruka shimo, akakosea, akatumbukia. Watoto waliojazana katika chumba cha Fulgensi wakapiga ukelele kama waliofiwa. Kabla ukelele haujatulia, mtu yule akasimama tena palepale alipoanzia, kofia kichwani, akaanza kukimbia kana kwamba hakuna lililomkuta.

“Bado ana roho mbili!” alisema mmoja.

Balbina, aliyesimama mlangoni na matope ya bondeni yamemkaukia miguuni, alijishika kifua. Alikuwa ameuacha mpunga unatia maziwa, majira ambayo ndege kweleakwelea hawajui Jumapili wala sikukuu, akavuka mto na kuja mtaa wa Viwanja Sitini, Ifakara, kwa sababu ya neno moja aliloletewa na wavuvi: binti yako ameingia mashindano.

“Shikamoo, Mama Donati,” Fulgensi, mwenye chumba na mwenye televisheni, alimwamkia.

“Marahaba. Eveline yuko wapi?”

“Yule pale kwenye kona. Usiogope, hachezi. Anatazama tu na kuandika. Wateja wangu wote wangekuwa kama yeye, ningekuwa nauza karanga sasa hivi.”

Watoto walicheka. Balbina hakucheka. Mwenye watoto wawili na kubakiwa na mmoja hacheki upesi. Kila mlango unaofunguliwa mbele ya huyo mmoja, yeye huchungulia kwanza kilichosimama nyuma yake.

Nyumbani, akichambua mchele kwenye ungo, alimsikiliza binti yake. Eveline alikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha nne alimaliza mwaka uliopita, na tangu hapo alikuwa akikaa kama mtu anayengoja treni isiyo na ratiba. Redio ilitangaza kwamba kampuni moja ya Dar es Salaam inatafuta vijana wenye kipaji cha kutunga hadithi za michezo ya video. Alipeleka yake. Katika bonde zima wamebaki watatu: kijana wa Mang’ula, mwingine wa Idete, na yeye. Jumamosi watasoma kwenye ukumbi mbele ya mwamuzi, na atakayeshinda atakwenda kufundishwa kazi hiyo.

“Kwani mambo yale yanaandikwa?” Balbina aliuliza.

“Mama, yule mtu mdogo hakuzuka tu kama uyoga. Kuna mtu alikaa chini akaamua anatoka wapi, anakwenda wapi, na nini kitamzuia njiani.”

“Na aliyeamua atumbukie shimoni?”

“Ni huyohuyo.”

Balbina aliacha kuchambua. “Basi hiyo ni kazi ya Mungu, siyo ya mtoto wa kidato cha nne. Na hiyo ya kwako inahusu nini?”

“Utaisikia Jumamosi.”

Wazazi wa bondeni wamezoea kumuuliza mtoto anayekwenda kushindana kama amekula, kama amefua nguo, kama nauli inatosha. Hawamuulizi amebeba nini cha kuweka mezani mbele ya watu. Kumbe hilo ndilo la kuuliza kwanza, maana mashindano hayaombi kipaji kitupu. Huomba na kilichofichwa uvunguni mwa nyumba.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mwamuzi, Bwana Bryson, alikuwa kijana mwembamba aliyelegeza tai kwa joto, mcheshi, asiye na dharau. Aliwatania watu kwamba wali wa Ifakara umemfanya asahau alichokuja kufanya. Kijana wa Idete alisoma habari za vita vya angani, wa Mang’ula akasoma habari za tembo aliyepotea mlimani. Kisha Eveline akasimama.

“Ni mwaka wa mafuriko,” alisoma. “Kijana anaitwa Donati. Mama yake yuko ng’ambo ya mto, juu ya dungu, analinda mpunga. Chumvi imemwishia. Donati anapakia chumvi kwenye mtumbwi, anavuka.”

Balbina alihisi benchi linasogea chini yake.

“Kuna magogo yanayokuja na maji. Kuna mkondo. Nyuma yake kuna kiboko, na yeye hamwoni. Anayecheza anamwona. Kazi ya anayecheza ni moja: kubonyeza na kumwita jina. Akiitwa, Donati anageuka, anapiga kafi, anaokoka.”

Watu wa ukumbini waliokuwa wenyeji waliinamisha vichwa. Walijua. Katika ukoo wa Balbina, na kwa majirani zake wengi, majini mtu haitwi jina. Utamwita “wewe”, utapiga mluzi, utagonga kafi kwenye ubavu wa mtumbwi; jina huliachi litoke, kwa sababu mto ukilisikia jina hulishika, na ukilishika siku moja huja kumdai mwenyewe. Mwaka uliopita, wa mvua za Elnino, Donati alipokuwa katikati ya mto na maji yakavimba nyuma yake kwa kiboko anayeibuka, watu wa ufukoni walipiga miluzi na kugonga mitumbwi kwa nguvu zao zote. Kijana alidhani wanamshangilia. Akainua kafi juu kuwapungia.

Miongoni mwa waliosimama ufukoni siku ile alikuwamo Eveline, mkono wake mwenyewe mdomoni, akilizuia jina lisitoke.

Balbina hakuwa amewahi kulifikiria hilo. Alikuwa amelia kilio chake, akakimaliza matanga yalipokwisha, akadhani na binti yake amemaliza. Sasa alielewa. Mwaka mzima mtoto huyu amekaa na wito mmoja kooni, unamkwama kama mwiba wa kambale.

Makofi yalikuwa mengi. Bwana Bryson alingoja yapungue.

“Nzuri. Nzuri mno,” alisema. “Ila kuna kasoro moja, dada. Huyu kijana hafi.”

“Hafi,” alisema Eveline.

“Hafi kabisa?”

“Akiitwa, anageuka.”

“Sikiliza nikuambie siri ya kazi hii. Mchezo usio na kifo hauna utamu. Mtu hushika roho mkononi kwa sababu anajua inaweza kumponyoka. Mpe roho tatu. Zikiisha, tunaanza upya. Ukikubali hilo, mimi sina haja ya kutafuta mshindi mwingine.”

Eveline aliitazama karatasi yake. Aliikunja, akaikunjua, na kwa mara ya kwanza Balbina aliona jinsi mtoto anavyoitaka safari hii. Aliitaka kama mpunga unavyotaka maji.

“Hajafikisha miaka kumi na minane,” Bwana Bryson aliendelea, akiwageukia watu. “Kanuni yetu inataka mzazi aseme ndiyo mbele ya watu. Mzazi yupo?”

Balbina alisimama. Alikuwa amelishika neno “hapana” tangu siku ile mlangoni kwa Fulgensi, amelikaza kama fundo la kanga.

“Mimi ndiye Mama Donati,” alisema.

Bwana Bryson aliiweka kalamu chini taratibu. “Sikujua, mama. Pole sana.”

“Ungejuaje, mwanangu. Mimi sina elimu ya mambo haya, darasa la saba langu lilikuwa la jembe nusu. Ila mtoto wangu alikufa mara moja. Inanitosha. Sitaki afe kila jioni kwa kila mwenye kidole.” Alimgeukia binti yake, na lile fundo likaanza kulegea. “Ondoa jina lake. Mengine fanya, sikuzuii.”

“Haya,” alisema mwamuzi kwa upole. “Sasa aitwe nani, dada?”

Eveline hakufikiri hata kidogo. Labda alikuwa amefikiri mwaka mzima.

“Awe msichana,” alisema. “Aitwe Eveline. Awe na roho tatu.”

Ukumbi ulilipuka. Fulgensi alipanda juu ya benchi. Vitoto vya madirishani viliimba jina, na Balbina alibaki amesimama katikati ya shangwe kama mtu aliyeziba tundu la panya akageuka na kukuta mlango mzima u wazi. Alitaka kusema hilo siyo aliloomba. Neno lake lakini lilikuwa limekwisha toka, na watu wazima wanajua kuwa neno lililotoka mbele ya ukumbi halirudi.

“Mama unakubali?” mwamuzi aliuliza.

“Kubali, Mama Donati! Usituangushe!” Fulgensi alipaza sauti.

“Ndiyo,” alisema, na hakuitambua sauti yake.

Asubuhi iliyofuata, baada ya misa, walivuka wote wawili kurudi shambani. Eveline angesaidia kuamia ndege hadi siku ya treni ya kwenda Dar es Salaam. Alikaa mbele, mama akakaa nyuma na kafi. Ufukoni walikotoka, watoto wa Viwanja Sitini waliokuwa wakioga waliutambua mtumbwi.

“Eveline!” walipiga kelele, wakirukaruka. “Eveline, kiboko! Geuka!”

Eveline aligeuka. Alicheka, akainuka nusu kuwapungia mkono, na mtumbwi ukayumba.

“Amekufa huyo! Bado roho mbili!”

Balbina aligonga kafi ubavuni mwa mtumbwi, mara moja, kwa nguvu. Alipiga mluzi. Binti yake hakukaa. Alikuwa anamtazama mama yake sasa, kicheko kimemtoka usoni, na Balbina alidhani ndiyo macho aliyokuwa nayo ufukoni mwaka wa mafuriko.

“Niite, mama.”

“Kaa chini, wewe. Tutaongea ng’ambo.”

“Niite hapahapa. Yeye hatukumwita.”

Maji yaliyowazunguka yalikuwa yametulia, kama mtu anayesikiliza. Balbina aliyatazama nyuma ya mtoto, kulia, kushoto, kisha akalaza kafi mapajani. Jina lilikuwa limemfika kwenye meno. Akavuta pumzi.