Mshono wa Ersilia

Saa mbili na nusu asubuhi ya Jumamosi, Ersilia Gaffuri alisimama mbele ya meza ya Primo Tettamanti, katika soko la vitu vya kale la Como, akiipindua tai ya hariri ili autazame mgongo wake. Ilikuwa tai ya nyumba ya ushonaji ya Orsenghi, rangi ya divai, yenye vidoti vya rangi ya samli, ya mwaka wa sabini na tano au sita. Lebo yake ilikuwa ile ya zamani ya kufumwa. Aliingiza kidole ndani ya mkunjo, akakipata kitanzi kidogo cha uzi kule mwisho, akakivuta. Tai ikajikunja, kisha ikajinyoosha yenyewe. Hapo akajua kwamba ni yenyewe hasa.

“Hii umeitoa wapi?”

“Kwa mjane mmoja wa Lecco. Marehemu hakuivaa, shingo yake ilikuwa fupi.” Primo alikuwa mtu wa miaka sitini na ushei, mwenye kofia ya sufu na mdomo usiojua kupumzika. “Ziko nne. Zichukue zote, Bi Ersilia, kabla ya saa tatu. Habari ya saa tatu unaijua mwenyewe.”

Ersilia aliijua, na ndiyo maana aliwahi. Tai za nyumba nyingine zilining'inia tu kwenye kamba, lakini kila tai ya Orsenghi ilikuwa imebanwa kwa vibanio viwili vya nguo, kimoja juu, kimoja chini.

“Hii ina doa.”

“Doa? Hiyo ni rangi yake, bibi!”

“Primo, nimeshona tai miaka thelathini na moja. Wewe ndiye wa kunifundisha doa?”

“Haya, nimekoma,” akasema Primo, akapunguza bei.

Ersilia alikuwa bado anapekua mkoba wake kengele ya kanisa ilipogonga saa tatu, na Nives Fasola akatokea kwenye kona, mkate kwapani. Nives alikuwa na miaka sabini na minane, sawa na Ersilia, ila mfupi zaidi na mwenye mwendo wa haraka. Mara vibanio vikaanza kufyatuka, ta, ta, ta. Tai za Orsenghi zikanyanyuka zote, zikalala hewani kama nguo kwenye kamba siku ya upepo, ncha zikimwelekea Nives. Upepo haukuwepo. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa karibu aliinamisha kichwa, akasogeza kikombe, akaendelea na gazeti lake. Wakili fulani aliyerithi tai ya baba yake alivutwa hatua mbili upande, akamwomba radhi aliyemkanyaga, akaishika tai yake kwa mkono na kwenda zake.

“Ersilia, shoga yangu!” Nives akaita. “Unanunua tena? Hebu niambie, umeolewa na joka lenye shingo ngapi?”

Primo alicheka mpaka akakohoa. Ersilia, ambaye alikuwa mjane kwa miaka kumi na tisa sasa, hakucheka.

“Naweka kumbukumbu tu,” akasema.

Nives aliinyoshea mkono ile tai ya vidoti, nayo ikamzunguka kiganja mara mbili ikatulia. “Wewe! Hii naikumbuka. Niliishona wiki ile Carletto wangu alipoota meno, usingizi sina, macho mekundu.” Akaitoa mkononi taratibu, mkunjo kwa mkunjo, akamkabidhi Ersilia. “Ishike vizuri, isije ikanifuata nyumbani. Kule kwangu hakuna pa kuiweka, mapazia ya hoteli ninayoyashona yamejaa mpaka kitandani.”

Ersilia akaishika vizuri. Aliisikia ikivuta upande ule mwingine, si kwa nguvu, kama mtoto anayevuta sketi ya mama yake akitaka kwenda kwa jirani. Roho ilimuuma. Tuseme kweli, maana mji mzima uliyajua: Ersilia alikuwa na kila kitu, na Nives hakuwa na kitu, na mwenye wivu alikuwa Ersilia.

Mambo yalianza mwaka wa sabini na nne. Katika chumba cha Orsenghi walishona wanawake ishirini, na desturi yao ilikuwa moja. Tajiri akiuliza habari ya tai, anayejibu ni yule aliyeishika wakati ule, hata kama hakuishona. Kosa ni lake, makaripio ni yake. Kwa njia hiyo hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole, na chumba kilikaa kwa amani. Siku moja tajiri alishuka ngazi kwa vishindo, akasimama mbele ya Ersilia aliyekuwa akibandika lebo kwenye tai ya Nives. Nives mwenyewe alikuwa nyumbani, mtoto ana homa.

“Nani kashona hii?”

Wanawake wote ishirini kasoro mmoja walidhani kuna kosa. Ersilia naye alidhani hivyo. Akasema, “Mimi.”

Basi neno lile lilikuwa la wema, kwa muda wa pumzi moja. Kisha tajiri akambusu mkono. Akasema hajapata kuona uzi ulioachwa ukalegea vile, ukarudishwa mara mbili, hata tai ikifungwa na kufunguliwa miaka hamsini isipoteze umbo. Akasema kuanzia siku ile huo utaitwa mshono wa Ersilia. Ersilia angeweza kusema. Alikuwa na mchana kutwa wa kusema, na kesho yake, na mwaka mzima. Badala yake alifanywa mkuu wa chumba. Nives aliporudi alimtazama tu, akaketi, akatunga uzi kwenye sindano. Wale wengine kumi na wanane wakanyamaza, kwa kuwa desturi ni desturi.

Tangu hapo kila tai aliyoishona Nives ilimjua Nives. Mwanzoni watu walizifungia madirisha, baadaye wakazoea.

Ersilia alizinunua akiamini kwamba zitamzoea yeye. Paka hamzoei anayemlisha? Kabatini mwake zilikuwa mia mbili na kumi na moja, na zote zilikuwa zimeegemea ubavu wa mashariki, upande wa nyumba ya Nives. Kabati lenyewe lilijisogeza kila mwaka kiasi cha shubiri moja, mpaka likaziba mlango wa bafu, akamwita seremala alipigilie misumari ukutani. Alizipigia pasi kwa kitambaa cha maji, mkono ukiwa mwepesi. Alizisemesha. Mchana akiwa peke yake alizivaa, moja baada ya nyingine, juu ya gauni lake la nyumbani, akajitazama kwenye kioo, nazo zikageuka begani mwake zikatazama dirishani. Zilikuwamo pia tai arobaini alizozishona yeye mwenyewe, kwa mshono uleule, uzi uleule. Hizo zilining'inia wima. Hazikumtazama mtu yeyote.

“Hata moja?” aliziuliza siku moja kwa sauti. “Hata moja jamani? Nimewakosea nini ninyi?”

Mwezi wa tano diwani wa utamaduni, Bi Donatella Rusconi, alimletea habari njema. Kiwanda cha zamani cha hariri kingefunguliwa kama jumba la makumbusho, na ukumbi wa kwanza ungeitwa Mshono wa Ersilia. Aliomba kuazima tai zote. Siku ya ufunguzi mkuu wa mkoa angemtunuku Ersilia sindano ya dhahabu, sindano kweli, yenye tundu.

“Nives asialikwe,” Ersilia akasema.

“Mama, nitafanyaje? Washonaji wote wa zamani wamealikwa, na wamebaki watatu tu.”

Ersilia hakulala vizuri wiki ile. Aibu haikumtisha sana, kwani mji ulikwisha kujua. Alichokiogopa ni kuziona mia mbili na kumi na moja kwa mpigo, mbele ya watu, zikimkana. Na chini ya hofu ile kulikuwa na tamaa moja ya kijinga. Labda moja itageuka. Akipewa sindano, mbele ya wote, labda moja itaona aibu kwa niaba yake imgeukie, na hiyo moja ingemtosha mpaka kaburini.

Siku ikafika. Saa nne na nusu tai zilikuwa zimevishwa kwenye shingo za mbao, zimepangwa safu kwa safu, vioo bado havijawekwa. Ukutani kulikuwa na bamba la marumaru lenye jina la Ersilia kwa herufi kubwa. Nives aliingia na keki ya mkate na zabibu aliyoioka alfajiri, akitafuta pa kuiweka.

Shingo za mbao zilianguka zote kwa kishindo kimoja. Tai zilivuka ukumbi juu ya vichwa vya wageni, wageni wakainama, na wapishi wakainua sinia zao na kuzishusha. Nives alisimama mlangoni na keki yake, hariri imemzunguka mikono, kiuno na shingo. “Jamani, keki,” akasema. Mtu akampokea keki.

Ersilia alizihesabu kwa macho, moja baada ya nyingine. Hakuna iliyogeuka. Zile arobaini zake zilikuwa zimelala chini pale zilipoangukia, na mhudumu mmoja aliziruka ili asizikanyage. Ndipo wivu ukamfungua mdomo, kazi ambayo majuto hayakuiweza kwa nusu karne.

“Ni mshono wake,” akasema kwa sauti. “Nives ndiye aliyeubuni. Mimi nilisema tu ‘mimi’.” Na huku akisema alizitazama tai, si watu, akingoja.

“Naona, Bi Ersilia,” diwani akajibu kwa upole. “Kila mtu anaona.”

“Siri ya mtungi aijuaye kata,” akasema Primo, aliyekuwa amekwisha kujikatia keki.

“Basi?” akauliza Ersilia.

“Basi marumaru imekwisha kuchongwa, mama. Na mkuu wa mkoa amefika darajani.” Diwani alitazama saa yake, kisha akamgeukia Nives. “Bibi Fasola, samahani sana. Kwako zinatulia. Unaweza kutushonea hizi kwenye shingo zake, zisisogee? Tuna kama dakika ishirini.”

“Sindano iko wapi?” akauliza Nives, akivaa miwani.

Hakuna aliyekuwa na sindano. Katika kiwanda kizima cha zamani cha hariri sindano ilikuwa moja, ndani ya kisanduku cha mahameli, mezani. Diwani akakifungua. Nives aliilenga kwenye mwanga, akalamba uzi, akautunga kwa jaribio la kwanza, akaanza. Alishona haraka, mshono mmoja mmoja, uzi ukilegea na kurudi mara mbili, na kila tai aliyoigusa ilijilaza kwenye mbao kwa hiari. Kwa nyingine alinong'ona kitu. Ersilia alijongea ili asikie, hakusikia.

Mkuu wa mkoa aliingia saa tano kamili, akakuta kila kitu mahali pake. Alihutubia. Alisoma yaliyochongwa kwenye marumaru, neno kwa neno. Nives alikaa safu ya tatu, akapiga makofi na wenzake, kisha akaondoka mapema kidogo, kwa sababu mapazia ya hoteli yalitakiwa kabla ya chakula cha mchana. Tai zilibaki pale zilipofungwa, zimetulia, nzuri ajabu.

Ersilia alipokea sindano kwa mikono miwili. Ilikuwa bado na joto la vidole vya Nives. Aliifumbata kiganjani, akaibana kwa nguvu zake zote, watu wakimpigia makofi, ili joto lile lisimtoke. Likapoa.