Soksi Ndani ya Kengele

Kila mwaka shule yetu ya bweni huwakumbuka mabaharia wa nyambizi zilizozama vitani. Jina la nyambizi husomwa, kengele hupigwa mara moja. Mimi, mpigaji mteule, niliuvika ulimi wa kengele soksi. Nyambizi ya kwanza ikapata mlio wa gunia linaloanguka. Wenzangu wakabana vicheko.

"Mbona hawapigi ya kaka yangu Alden?" aliuliza Bibi Winifred, mwenye miaka tisini na saba, kwenye viti vya wageni. "Kaburi lake ni mlio huo tu."

"Wameshapiga, bibi," mjukuu wake akamjibu.

Nikaivua soksi mbele ya watu wote. "Mwalimu, niruhusu nirudie!"

"Nyambizi moja, mlio mmoja, mpumbavu wewe. Ukirudia, umezamisha nyingine."

"Basi nitamsikia mwakani," alisema Bibi Winifred.

Nikapiga ya pili. Ililia vizuri sana.