Chungu cha Asumini

Mtaani walimwita Bibi Asumini, na asumini yenyewe siku hiyo ilikuwa ndani ya beseni miguuni pake, imepunguzwa matawi, mizizi imefungwa kwa gunia bichi. Marehemu mumewe aliipanda wiki waliyohamia nyumba yao. Sasa nyumba imeuzwa, bibi anakaa ghorofa ya pili kwa mwanawe, na ombi lake lilikuwa moja tu: asumini ije naye. Tangu jana haikuwa na udongo. Isipopata chungu leo, basi tena.

Aliyemleta kwa muuza vyungu ni mkwewe, mke wa mwanawe, fundi cherehani aliyeacha nguo za wateja zikimsubiri.

"Karibuni, mama zangu!" muuza vyungu akapaza sauti. "Chagueni, kutazama ni bure!"

Uwanja ulijaa vyungu: vya udongo mtupu, vya rangi ya kung'aa, vya saruji vya kuvunja mgongo. Bibi hakununua chungu kwa macho. Alikunja kidole, akagonga, akatega sikio. Chungu kizima huitika kama kengele. Chenye ufa, hata ufa usioonekana, hukoroma kama mtu mwenye mafua. Miaka yote hakuna aliyewahi kumbambikia kibovu.

Lakini tangu mwaka jana masikio yalikuwa yameanza kumtoroka, na hilo hakumwambia mtu. Aliona wazi: akisema tu, wataanza kumwamulia kila kitu, hadi gauni la kuvaa.

"Kitendawili!" akamchokoza muuza vyungu.

"Tega!"

"Mdomo anao, meno hana, hunyweshwa kila siku na halewi."

"Basi huyo si mume wangu!" mama muuza vyungu akadakia.

Mkwe akacheka hadi akashika kiuno. Bibi akacheka pia, kwa sababu wenzake wanacheka.

"Ni chungu cha maua," akafafanua mwenyewe, kisha akakiendea cha buluu, kirefu, shingo ya madaha. Akagonga. Akatega sikio. "Hiki hapa! Sikieni kinavyoimba."

Kilikoroma. Mkwe alisikia. Muuza vyungu naye alisikia, akafungua mdomo aseme, mkwe akamkonyeza.

"Mama, nifundishe na mimi," mkwe akasema, amesogea karibu, uso kwa uso. "Mie kelele za cherehani zimeniharibu masikio. Weka kiganja hapa tumboni pa chungu, nigonge upande huu."

Bibi akaweka. Mkwe akagonga. Kiganjani hakukufika kitu, kama kugonga godoro.

"Sasa hiki."

Kilikuwa chekundu, kipana, ukingo wake umesukwa kama ukili wa mkeka. Mkwe alipogonga, mtetemo ulipanda kiganjani mwa bibi ukamfika kwenye kiwiko. Bibi akarudi kwenye cha buluu, akakigusa tena. Akaelewa habari ya chungu kwanza. Habari ya pili ikaja taratibu: mkwe huyu hakuhitaji kufundishwa kitu.

"Umejua tangu lini?"

"Kujua nini, mama?"

"Usinizungushe."

Mkwe akafuta vumbi mikononi. "Tangu simu yako ilipoita mpaka ikachoka, nawe uko pembeni yake unamenya vitunguu."

"Na mumeo?"

"Sijamwambia. La kusema ni lako."

Bibi akamshika mkwe mkono, akaubana. "Ahsante, mwanangu. Ungeweza kunichagulia tu, tukaenda zetu."

"Ningekuchagulia vipi? Mimi asumini siijui hata jani lake!"

Wakapita uwanja mzima, mmoja anagonga, mmoja anashika. Bibi alikataa vyungu vinane, kimoja kwa sababu hakina tundu la kutolea maji chini, kingine kwa sababu "kina sura ya kiburi". Akarudia kile chekundu. Muuza vyungu akawajazia udongo, asumini ikapandwa palepale, naye akakitoa cha buluu kwenye safu ili asimuuzie mwingine.

Jioni mwanawe alirudi kutoka kazini, akauliza kitu huku amewageuzia mgongo anavua viatu. Zamani bibi angeitikia "ndiyo, ndiyo" na kubahatisha.

"Baba," akasema, "geuka unitazame, useme kwa sauti. Mama yako hasikii vizuri."

Mwanawe akageuka, kiatu kimoja mkononi. Akaja kuketi mbele yake, akauliza tena polepole: asumini imewekwa wapi?

"Njoo nikuonyeshe," bibi akasema, akainuka.