Mwalimu wa Akiba

Vifuniko vya soda vilikuwa vimelowekwa kwenye beseni tangu alfajiri, na dada mwalimu alikuwa amechuchumaa kwenye bomba la uani akivisugua kimoja kimoja. Wanafunzi wake wa darasa la tano walikuwa na tabia ya kuvitia mdomoni. Alishawakataza mpaka akachoka, siku hizi alivisugua tu na kunyamaza.

Alipomaliza, akanyanyua beseni kwenda kubadili nguo, akamkuta mwenye nyumba amesimama mlangoni kwake. Kwenye komeo kulikuwa na kufuli jipya, na lilikuwa limeshafungwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Usinione mbaya." Mzee alikuwa anaangalia ukuta. "Uliniambia mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi umepita, ukapita tena. Na mimi nina watu wananidai."

"Viatu vyangu viko ndani."

"Vitakuwa salama."

"Leo kuna wageni kazini, mzee. Nikiwaona nitadai changu, nikupe chako."

"Basi nenda, Mungu akufungulie. Na mimi nitafungua."

Alitamani kulia kidogo, lakini jirani alikuwa anafagia polepole kupita kawaida, masikio yamesimama. Akaenda kwenye kamba, akaanua fulana ya mradi iliyokuwa bado na unyevu, akaivaa bafuni. Mgongoni fulana hiyo iliandikwa kwa herufi kubwa za kijani: AKIBA YANGU, KESHO YANGU. Miguuni alibaki na ndala za kuogea, moja ya bluu, nyingine iliyowahi kuwa nyeupe.

Alikuwa mwaka wa pili chuoni. Mradi uliwachukua wanafunzi kadhaa wa chuo kufundisha watoto wa shule za msingi namna ya kutumia pesa: kuuliza bei kabla ya kununua, kutenga kidogo kabla ya kutumia, kutokopa kwa ajili ya kujionyesha. Kazi aliipenda. Hata posho aliipenda, ule mwezi wa kwanza ilipotoka. Baada ya hapo ilikuwa ni "taratibu zinaendelea". Akiba aliyokuwa ameiweka, maana alikuwa anaishi anachokifundisha, ilimshikilia wiki chache, kisha ikaisha kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Njiani alisimama dukani aombe nusu mkate.

"Bei imepanda tangu juzi, dada," alisema muuza duka. "Usinitolee macho, sio mimi. Ngano."

"Robo je?"

"Robo nikikukatia, hiyo iliyobaki nitamuuzia nani?"

Akaendelea na safari, beseni kiunoni, vifuniko vikicheza ndani yake kwa kelele.

Mratibu wa mradi alikuwa ameshafika shuleni, suti imenyooka, jasho limejaa kwenye paji la uso. Alimtazama kuanzia juu, macho yakakwama miguuni.

"Hivi ndivyo ulivyokuja?"

"Ndivyo nilivyoachwa. Nimefungiwa nyumba. Bosi, posho yetu..."

"Leo sio siku ya mambo hayo, mdogo wangu. Wageni wako hapo getini. Watoto waimbe, wacheze ule mchezo wa makopo, tupige picha, basi. Kila kitu kinyooke. Na usimame nyuma ya dawati, hizo ndala zisionekane."

Wageni walikuwa wawili, mkurugenzi kutoka makao makuu na mpiga picha wake. Wakapewa viti vya ofisi ya mwalimu mkuu, vile vyenye mito. Watoto wakaimba wimbo wa akiba, kwa sauti iliyoweza kubomoa dari. Mkurugenzi akapiga makofi. Kisha dada mwalimu akapanga mezani makopo matatu yaliyobandikwa karatasi: MATUMIZI, AKIBA, DHARURA. Kwa kawaida kila mtoto alichagua kazi, mmoja dereva, mwingine muuguzi, mwingine fundi bomba, akapewa vifuniko kumi kama mshahara, akavigawa kwenye makopo na kueleza sababu.

Mkono ukanyooka dawati la mbele. Alikuwa binti mwembamba ambaye darasa zima lilimwita Swali, na hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini. Muhula ule alikuwa amejinunulia seti ya hesabu kwa pesa ya kusuka nywele za wenzake.

"Anti, mbona leo umevaa ndala za bafuni?"

Darasa likaangua kicheko. Mratibu akakohoa.

Angeweza kusema zile zingine zimelowa. Uongo wa namna hiyo haumuumizi mtu. Lakini alikuwa ametumia muhula mzima kuwaambia watoto hawa kwamba pesa isisemewe uongo, si kwa rafiki wala kwa mama.

"Viatu vimefungiwa ndani," alisema. "Sijalipa kodi ya chumba."

Kicheko kikakatika. Swali alikuwa bado amesimama, uso umekunjamana, si kwa dharau bali kwa kutaka kuelewa.

"Lakini Anti, si wewe ndiye unatufundisha kuweka akiba?"

 Dada mwalimu alilitazama beseni, akawatazama watoto, kisha akalisukuma beseni chini ya meza kwa mguu.

"Sawa. Tucheze. Wote mna kazi?"

"Ndiyooo!"

"Mmefanya kazi mwezi mzima?"

"Ndiyooo!"

"Mwisho wa mwezi umefika. Mshahara haujatoka. Haya, pangeni."

Wakatazamana. Mvulana wa nyuma, aliyekuwa dereva, akainuka kwanza. "Mimi nitapunguza kula."

"Umepunguza. Mwezi wa pili, haujatoka."

"Nitatoa kwenye dharura," akasema muuguzi.

"Umetoa, imeisha. Mwezi wa tatu."

"Nakopa!"

"Utalipa na nini?"

Darasa likawaka. Mmoja alisema atauza redio, mwingine atarudi kwa bibi yake, fundi bomba akatangaza kwamba yeye atafunga maji ya mtaa mzima mpaka alipwe, wenzake wakampigia makofi. Mpiga picha alikuwa anacheka huku anapiga picha. Mratibu alikuwa anatikisa kichwa polepole, akimtafuta dada mwalimu kwa macho, na dada mwalimu hakumpa macho.

"Anti," Swali akasema kupita kelele zote, "hapa hakuna cha kupanga. Huwezi kupanga kitu ambacho hujapewa. Mimi namfuata bosi."

"Bosi wako ni nani?"

Mtoto akageuka, akawapima watu wazima wote mle ndani, akachagua mwenye kiti kikubwa zaidi. Akaenda mpaka kwa mkurugenzi, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Shikamoo. Tumekuja kuomba mishahara yetu. Miezi mitatu."

Mkurugenzi akacheka. Akaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta wa kucheka naye. Hakumpata.

"Marahaba. Mtoto hodari sana huyu." Akamwinamia mratibu, na kwa kuwa darasa lilikuwa kimya, kila mtu alisikia. "Hawa vijana si tulishawatumia fedha?"

"Taratibu zinaendelea, mkuu. Mambo madogo madogo ya ofisi."

Dada mwalimu alimwangalia mkurugenzi. Alikuwa na uso wa mtu mwenye akili, na kwa sekunde chache ilionekana wazi kwamba ameelewa kila kitu. Kisha akatazama saa yake.

"Mtayamaliza ofisini," alisema. "Tuna shule nyingine mbili."

Wakati wageni wanasindikizwa nje, dada mwalimu alichukua chaki. Ubaoni kulikuwa na maneno matatu ya somo: Panga. Tenga. Tunza. Chini yake akaongeza la nne: Dai. Watoto wakalinakili kwenye madaftari yao, Swali akalipigia mstari mara mbili.

Mratibu alirudi peke yake, akamwita nje kwenye korido. Hakufoka. Alikuwa amechoka, na kwa kweli alionekana kama mtu ambaye naye ana mlango wake wa kuogopa.

"Umenidhalilisha. Lakini sina kinyongo, nakuona kama mdogo wangu." Akafungua bahasha, akatoa karatasi. "Saini hapa. Miezi yote mitatu."

"Saini ya nini?"

"Ya kupokea."

"Sijapokea."

"Utapokea. Ukisaini, sasa hivi nakutumia mwezi mmoja kwenye simu. Sasa hivi, mbele yako. Nenda ukafunguliwe mlango wako, ule, ulale. Miwili iliyobaki itafuata hesabu zikifungwa."

Akapewa kalamu. Juu ya jina lake wenzake wanne walikuwa wameshasaini. Ya nne aliitambua bila kusoma, herufi ya kwanza imezungushwa kama konokono. Ilikuwa ya Mrefu, rafiki yake waliyekaa naye dawati moja chuoni. Juzi tu Mrefu alimkopa chumvi. Chini ya jina lake kulikuwa na majina mengine matano, na nafasi zao zilikuwa tupu.

Mwezi mmoja ungemtosha mzee wa nyumba kwa kuanzia. Ungetosha mkate mzima, si nusu. 

Aliiweka karatasi ukutani, akaandika kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, mviringo, wa kusomeka na mtoto. Kwenye mwezi wa kwanza, Sijapokea. Wa pili, Sijapokea. Wa tatu, Sijapokea. Akasaini.

"Unafanya nini wewe! Hii karatasi ni ya wakaguzi!"

"Ndiyo maana nimeandika vizuri."

"Unajua utapoteza kazi?"

"Najua, bosi."

"Na leo utalala wapi?"

Akamrudishia kalamu.

Nje ya geti alikaa kwenye jiwe la kivuli, akampigia wa kwanza kati ya wale watano. "Halo, dada. Leo au kesho mratibu atakuletea karatasi. Sikiliza nikwambie mimi nimeandika nini." Akampigia wa pili. Wa tatu alimbishia, akamwambia yeye ana mtoto mgonjwa na atachukua huo mwezi mmoja, na dada mwalimu akampa pole. Wa nne akasema, "Sawa. Na mimi naandika hivyo hivyo." Wa tano hakupokea.

Salio lilikuwa limebaki la simu moja. Akampigia Mrefu.

"Nimeona saini yako," alisema.

 Upande wa pili, mbali kidogo, ilisikika redio ya mtu.

"Alinipa mwezi mmoja," Mrefu akasema. "Wote umekwenda kwenye kodi, haukulala hata usiku mmoja."

"Sikupigi kukulaumu. Nimefungiwa nje. Nataka mahali pa kulala, na kesho asubuhi nataka twende wote ofisini kwao, makao makuu, ukaseme kwa mdomo wako ulipewa ngapi."

"Mbele ya mratibu?"

"Mbele ya mkurugenzi."

Redio ya yule mtu ikazimwa. Salio likakaribia mwisho, simu ikatoa mlio wa kuonya.

"Njoo kwanza," Mrefu alisema. "Hilo la ofisini..."

Simu ikakatika. Dada mwalimu akainuka, akakung'uta vumbi, akashika njia ya kwenda kwa Mrefu, akipanga kichwani jinsi atakavyomalizia ile sentensi kwa niaba yake.