Majaketi ya Kivuko cha Saa Nne

Asubuhi ya siku ya kumbukumbu, Mama Uzi alikuwa amekwisha kusali na kufagia stoo, na sasa alikuwa akivuta kamba za majaketi ya kuokolea, moja baada ya jingine, aone kama zitakatika. Kazi yake pale kivukoni ilikuwa kuyafua, kuyashona na kuyakagua. Kila jaketi lililopita mikononi mwake alilitia mshono wa uzi mweupe begani, na mabaharia walimtania kwamba hata siku ya kiyama atawapanga watu mstari awavute kamba kwanza.

Leo aliyakagua mara mbili kwa sababu ya mtu mmoja. Mama mkwe wake, aliyekaa ng'ambo, hakuwa amekanyaga chombo cha majini kwa miaka kumi na minane, tangu kivuko cha zamani kilipozama na watu mia mbili na kumi na sita, mwanawe akiwamo. Mwaka huu bibi alikubali kuvuka kwa sharti moja. "Jaketi utanivalisha wewe," alisema kwenye simu. "Simtaki mwingine anishikeshike." Mama Uzi akaahidi.

Saa mbili pikapu ya serikali ikaja kinyumenyume mpaka mlangoni. Akashuka ofisa wa sherehe, kijana wa suti, tayari jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mama. Nimefuata majaketi yote."

"Marahaba. Yanakwenda wapi, baba?"

"Uwanjani. Mwaka huu tumebuni kitu kizuri. Viti mia mbili vitupu, kila kiti kimevishwa jaketi. Televisheni watapiga picha kutoka juu."

"Waliokufa ni mia mbili na kumi na sita."

"Mia mbili inapangika vizuri, mama."

"Na abiria wa saa nne wavae nini?"

"Ni safari moja tu. Jioni nayarudisha, yamefuliwa."

"Yamefuliwa na nani? Maana mfuaji ni mimi."

Kijana akacheka. Mama Uzi hakucheka. Kivuko cha saa nne ndicho kingeleta ndugu wa marehemu kutoka ng'ambo, kimejaa kuliko siku zote, na mama mkwe ndani yake. Wangevuka kuja kuwalilia waliozama, na wangevuka bila majaketi, kama wao walivyovuka.

"Njoo nikuonyeshe kitu," akamwambia.

Nyuma ya stoo, chini ya turubai, palikuwa na sanduku la chuma refu kama kitanda, limeliwa na kutu, kufuli bado linaning'inia. Lilitolewa kwenye kivuko cha zamani kilipovutwa nchi kavu.

"Humu mna majaketi ambayo hayajavaliwa hata siku moja. Abiria walikuwa wakiyaiba kufanya mito, basi mkubwa akaamuru yafungiwe. Siku ile mwenye ufunguo alibaki huku nchi kavu, anakunywa chai. Mume wangu alikuwa baharia. Unaona kufuli lilivyobonyea upande huu? Ni yeye huyo. Walipomleta, kucha zote zilikuwa zimeng'oka."

Kijana akaligusa kufuli kwa kidole. "Hotuba ya kila mwaka naandaa mimi," akasema polepole, "na hili sijawahi kulisikia. Huwa tunaandika ajali, mapenzi ya Mungu."

"Mungu namwogopa, na sijapitisha siku bila kumwomba. Lakini kufuli hakulifunga yeye."

Simu ya kijana ikalia. Akasikiliza, akaitikia "ndiyo, mkuu" mara nne, kisha akamgeukia. "Mama, nikirudi mikono mitupu sina kazi."

Mama Uzi akashika ufunguo wa stoo uliokuwa shingoni mwake. Hata yeye alikuwa na cha kupoteza. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka hadi mwaka, na chumba alicholala kilikuwa cha idara. Akahesabu saa kwa vidole.

"Majaketi yanatakiwa vitini saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Basi utayakuta."

Akawaita mabaharia, na majaketi yakaanza kupakiwa kivukoni. Kijana hakuelewa, au alielewa akaona heri asielewe. Akavua koti, akasaidia kubeba. Kivuko kikaondoka kwenda kuwachukua abiria, Mama Uzi akiwa ndani.

Ng'ambo, mama mkwe alisimama mbali na maji, kijifuko kifuani.

"Nimeghairi," akasema.

"Haya, ghairi ukiwa umevaa. Inua mkono, mama."

"Linanibana."

"Ndivyo linavyotakiwa."

"Linanuka sabuni."

"Nimelifua jana."

Bibi akapapasa mshono mweupe begani. "Yeye hakuwa nalo."

"Hakuwa nalo, mama."

Akamfunga kamba, akazivuta. Kisha akapita kwa abiria wote, benchi kwa benchi, akiwaambia jambo moja: wakifika wasivue, waende nayo hivyohivyo mpaka uwanjani. Wakavuka. Bibi alifumba macho njia nzima, kucha zimezama kwenye mkono wa mkwewe, na Mama Uzi hakuutoa mkono.

Uwanjani mgeni rasmi alikuwa ameketi, kamera ziko juu, viti mia mbili vinangoja. Wakapanda mlima mdogo kutoka gatini, wazee, wajane na watu wazima waliokuwa yatima, wote wamevaa rangi ya chungwa, wengine wananung'unikia joto. Wakakaa, viti vikajaa. Mgeni rasmi akamtazama ofisa wa sherehe. Ofisa wa sherehe akatazama viatu vyake.

Hotuba ikaanza. Ilipofika kwenye mapenzi ya Mungu, mama mkwe, ambaye kwa uzito wa masikio yake hakujua kunong'ona, akamuuliza mkwewe, "Na kufuli amelitaja?"

Uwanja mzima ulisikia. Mgeni rasmi akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Huko nyuma mwanamume mmoja akasema kwa adabu, "Mheshimiwa, bibi anaulizia kufuli." Hakuna aliyemnyamazisha. Mgeni rasmi akanywa maji, akaendelea na yaliyoandikwa, sauti yake imeshuka.

Saa nane honi ya kivuko ikalia, hotuba za wengine bado hazijaisha. Mama Uzi akainuka, akamwinua bibi, akashuka naye gatini, na wale wengine wakafuata, viti vikabaki vitupu. Akasimama mlangoni mwa kivuko, akawavuta kamba mmoja mmoja wakiingia.

Hakukuta hata mmoja aliyekuwa amelegeza.