Mazoezi ya Uso ya Dada Picha

Tangu mgonjwa mmoja, mwanamke aliyemzidi umri waziwazi, alipomwamkia "shikamoo bibi", Dada Picha hakutulia tena. Miaka arobaini na tisa, meno yote yapo, halafu bibi. Alipofika nyumbani alijitazama kwenye kioo cha bafuni, akaona mikunjo miwili imeshuka toka puani hadi mdomoni, na pembeni mwa macho vijistari ambavyo hakukumbuka kuvikaribisha. Mdogo wake akamtumia video za mazoezi ya uso, na kuanzia hapo nyumba ilikosa amani. Alijaza hewa mashavuni akimenya vitunguu. Alitoa macho pima akipiga pasi. Alikunja midomo ikawa duara, akahesabu mpaka kumi, tena kwenye kituo cha basi, mbele za watu. Mumewe alimuuliza kama ana jino linalomsumbua.

"Niache," alimjibu. "Uso wako wewe umeshakata tamaa."

Jina la Dada Picha alipewa na wajawazito, kwa kuwa ndiye aliyewapima ultrasaundi hospitalini, kwenye chumba chenye pazia zito na taa hafifu. Alikiona chumba hicho kinafaa mno kwa mazoezi. Mgonjwa amelala chali, yeye ameelekea kwenye skrini, nani atamwona? Hivyo ndivyo alivyojidanganya, mtu mwenye miaka ishirini na miwili kazini.

Jumanne asubuhi aliingia Mwalimu. Huyu alifundisha darasa la kwanza, na Dada Picha alimjua kwa miaka minne. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia, zote mwezi wa tano, na mara zote mbili Dada Picha ndiye aliyelazimika kumwambia, juu ya kitanda hichohicho. Sasa ilikuwa ya tatu, nayo imeingia mwezi wa tano. Wiki nzima Dada Picha hakulala vizuri. Alitaka kitu kimoja tu: safari hii habari njema itoke kinywani mwake, amwone huyu mama akicheka.

Alimpaka jeli, akatelezesha kifaa tumboni, na hakupita muda akauona moyo. Ulikuwa unadunda haraka, bila kusita, kama inavyotakiwa. Angeweza kusema palepale. Lakini hakutaka kuropoka. Alitaka kwanza apime kichwa, apime paja, ahakikishe kila kitu, ndipo ageuke na habari iliyokamilika. Na kwa vile roho ilikuwa juu, uso ukaanza wenyewe. Nyusi zikapanda, zikakaa hukohuko. Mdomo ukawa duara. Akafumba macho kwa nguvu, akayafumbua, akahesabu kimoyomoyo. Alipofika saba, kitanda kikalia.

Mwalimu alikuwa ameketi, blauzi imeshashushwa juu ya jeli, machozi yanamtiririka bila sauti.

"Sema tu, dada," alisema. "Nimeshaona."

"Umeona nini, mdogo wangu? Mtoto mzima."

"Nimeuona uso wako. Safari zile mbili nilijua kabla hujafungua mdomo. Mimi mashine siijui, nakuangaliaga wewe."

Dada Picha alimlaza tena kwa kumbembeleza, akarudisha kifaa tumboni, akafungua sauti ya mashine, mapigo yakajaa chumba.

"Hayo yangu," Mwalimu alisema. "Uliniambia mwenyewe, mapigo ya mama nayo husikika."

"Ya kwako hayaendi mbio hivi. Mtoto mzima, nakwambia."

"Unanituliza nisije nikaanguka kama ile mara ya pili."

Hapo Dada Picha akaona hana budi aivue aibu. "Nilikuwa nafanya mazoezi," alisema.

"Mazoezi gani?"

"Ya uso. Ya kuondoa mikunjo." Akamwonyesha: akapandisha nyusi, akajaza mashavu, akatoa ulimi mpaka kidevuni. Alijiona mpumbavu kupindukia. Mwalimu hakucheka. Alimtazama mpaka mwisho, kama anavyomtazama mtoto anayejitetea kwa uongo.

"Kwa hiyo mimi nimelala hapa nasubiri kufa," alisema polepole, "na wewe unajitengeneza uso."

"Nisamehe. Lakini mtoto mzima, haki ya Mungu."

"Niitie mtu mwingine."

Katika chumba cha pili alikuwepo Babu Eksirei, mpiga picha mwenzake wa hospitali, aliyekuwa akimalizia mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, uso umekunjamana kama shati lililolaliwa. Dada Picha alimweleza kwa maneno mawili, naye mzee hakuuliza zaidi. Alikuja akikokota viatu, akasalimia, akashika kifaa. Mwalimu hakuigeukia skrini hata kidogo. Alimkazia macho yeye. Mzee aliangalia, akasogeza kifaa, akaangalia tena, halafu uso wote ukamkunjuka kwa tabasamu.

"Mtoto mzima, Mwalimu," alisema. "Tena mtundu, ananipiga teke."

Mwalimu aliudaka mkono wa mzee, akaung'ang'ania, akaanza kucheka huku analia, kicheko cha kutoka tumboni kilichofanya hata picha ya mtoto itikisike kwenye skrini. Miaka minne Dada Picha alikuwa amekingoja kicheko hicho. Alikisikilizia mlangoni, na Mwalimu hakugeuza kichwa kumtazama.